Mke wa, Mama wa, Rafiki wa: Kumkumbuka Aliyejitolea

Tanzia zetu zinafanana. Ziwe zimetoka Muscat, Birmingham au Toronto, zisomwe msikitini, kanisani au kwenye simu ya mtu aliye zamu ya usiku, hufika mahali pamoja: marehemu alikuwa mke mwema, mama mwenye huruma na rafiki wa kweli. Msemaji hushusha sauti, wasikilizaji huinamisha vichwa, wala hakuna anayetia shaka. Ni heshima kubwa tuliyo nayo kwa mwanamke aliyetumia umri wake kwa ajili ya wengine. Hata hivyo sarufi ya sifa hizo inafichua jambo. Mke ni mke wa mtu. Mama ni mama wa watoto. Rafiki ni rafiki wa mwenziwe. Kila sifa imeshikizwa kwa neno dogo "wa", na kila "wa" inaelekeza kidole kwa aliyebaki hai. Tukiwaweka kando hao waliobaki, sentensi ile inamtaja nani?

Wako watakaosema kwamba swali lenyewe ni la bure. Mtu hana umbo nje ya watu wake, watasema. Sisi huamkuana kwa kuulizana habari za nyumbani, na mwanamke akishajifungua huitwa kwa jina la mwanawe, Mama Fulani, wala haoni kwamba amenyang'anywa kitu. Kumtoa marehemu katika mahusiano yake ili tumwone "yeye mwenyewe" ni kama kumenya kitunguu kwa kutafuta kokwa. Wako pia, hasa miongoni mwa wasomi wa leo, watakaosema kinyume chake: sentensi ile ni kaburi la pili, kwani la kwanza lilichukua mwili na hili linachukua jina. Hoja ya kwanza ina ukweli ambao ya pili haiuoni, na ya pili ina uchungu ambao ya kwanza haitaki kuusikia. Makala haya yanajaribu kuzishika zote mbili, kwa kuwa naamini kumkumbuka mtu ni tendo la haki au la dhuluma, na marehemu ndiye pekee asiyeweza kufika barazani kujitetea.

Tuanze na ule ukweli wa kwanza. Anayesema "alikuwa mama mwema" anaonekana kama anamweleza marehemu, lakini kwa hakika anakiri jambo juu ya nafsi yake: kwamba alilishwa, aliuguzwa, alisubiriwa mlangoni usiku. Sentensi ile ni hati ya deni iliyotiwa saini na mdaiwa. Kwa hiyo "wa" si kosa. Kosa ni kwamba hati hiyo haitaji kiasi. Deni lisilotajwa kiasi chake ni rahisi sana kusamehewa, tena na mdaiwa mwenyewe. Neno "mwema" huja mahali ambapo palitakiwa hesabu: miaka mingapi, usiku ngapi, kazi gani iliyoachwa, safari gani isiyofanyika, fedha gani iliyofichwa chini ya godoro hadi ikawa karo ya shule. Kiswahili kimetupa neno moja, "sifa", lenye maana mbili: kutukuza, na kueleza kitu kilivyo. Katika tanzia maana ya kwanza huimeza ya pili.

Kiswahili kimetupa pia vitenzi viwili vinavyotofautiana kwa silabi moja. "Kujitoa", kwa maana yake ya kawaida, ni kuondoka katika jambo: mtu hujitoa katika ubia, hujitoa katika mashindano. "Kujitolea" ni kutoa nguvu na nafsi kwa ajili ya mwingine. Wapo wanaovitumia kwa kubadilishana, na kuchanganywa huko kunaeleza mengi. Anayejitolea bado yupo: ana mkono unaotoa, ana kitu mkononi, na ana hiari ya kukiachilia au kukishika. Anayejitoa hayupo tena. Tunapomsifu mwanamke kwa kujitolea huku hatusemi alichokuwa nacho wala alichokichagua, sifa yetu huidondosha ile silabi. Tunabaki na nyumba iliyojengwa, watoto waliosoma, mume aliyeheshimika, na mahali patupu palipokuwa na mjenzi.

Lakini je, kama hiari yenyewe haikuwapo? Hapa hoja inakuwa ngumu, na maneno matupu hayatoshi. Uko mfano mmoja katika historia ya Unguja unaolibana swali hili kuliko mingine niijuayo.

Mwaka 1886 kilichapishwa huko Berlin kitabu cha Kijerumani cha kumbukumbu za mwanamke aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Alikuwa Salme binti Said, mmoja wa watoto wa Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1870 akawa mjane katika nchi ya baridi akiwa na watoto watatu wadogo. Kwanza aliandika kwa ajili yao, wapate kujua mama yao alitoka wapi. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tunaifahamu hali hiyo: kumweleza mtoto, kwa lugha ya shule yake, juu ya bibi ambaye hatamwona.

Bibi huyo aliitwa Jilfidan. Alikuwa Mcherkesi, binti wa mkulima, mzaliwa wa upande wa milima ya Kaukazi. Vita vilipofika kwao, wazazi wake waliuawa na watoto wakachukuliwa, kila mmoja upande wake. Yeye na ndugu zake hawakuonana tena. Alifika katika nyumba ya Sayyid Said akiwa bado mtoto wa miaka saba au minane. Salme anaukadiria umri huo kwa alama moja: mama yake aling'oka jino lake la kwanza akiwa tayari ndani ya nyumba ile. Alilelewa pamoja na mabinti wa mwenye nyumba waliokuwa rika lake, akafunzwa kusoma na kushona, na alipokua akawa suria wa baba yao. Alizaa binti aliyefariki angali mdogo, kisha Salme. Aliugua kipindupindu akafariki mwaka 1859.

Sasa tumjaribu kwa sentensi ya tanzia. Mke mwema? Hakuwa mke, alikuwa suria, na kwa sheria iliyotumika, suria aliyemzalia bwana wake hauzwi tena na huwa huru bwana akifa. Uhuru wake ulimfikia kwa njia ya msiba. Mama mwenye huruma? Ndiyo, kwa ushahidi wa binti aliyempenda. Rafiki wa kweli? Ndiyo, na tutaurudia urafiki huo. Lakini kujitolea je? Twaweza kumsifu kwa kutoa umri wake mtu ambaye umri huo ulichukuliwa kabla hajabadili meno?

Lipo jibu jepesi la kusema hapana: palipo utumwa hapana hiari, na pasipo hiari hapana fadhila. Jibu hilo linasikika la haki, lakini linamdhulumu Jilfidan mara ya pili. Salme anakumbuka kwamba mama yake alikuwa mpole, mwepesi wa kuwasaidia wenye shida, na kwamba akisikia mgonjwa hakungoja kuitwa. Alikwenda kumtazama na hata kumuuguza. Hakuna bwana aliyeamuru hayo. Katika nyumba ambayo mambo makubwa ya maisha yake yaliamuliwa na wengine, ilibaki nafasi ndogo aliyoitawala mwenyewe: aende chumba gani, aketi kitandani kwa nani. Akaijaza nafasi hiyo. Kumnyima sifa kwa sababu hakuwa huru ni kusema kwamba waliomteka waliuteka na utu wake pia. Hawakuweza.

Lipo na jibu jepesi la upande wa pili, nalo ni la hatari zaidi kwa sababu limevaa upendo. Ni kusema: alikuwa mwema, alipendwa, basi mambo hayakuwa mabaya. Salme mwenyewe analikaribia. Kitabu kilekile kinachosimulia mama yake alivyotekwa kina sura inayoutetea utumwa wa nchi za Mashariki dhidi ya lawama za Wazungu. Binti aliyelihifadhi jino la mama yake katika kumbukumbu hakuligeuza kuwa shtaka. Simlaumu kwa wepesi. Alikuwa akiandika mbele ya watu waliomtazama yeye na kwao kwa dharau, na aliye ugenini huikinga nyumba yake yote, pamoja na paa linalovuja. Lakini hapo tunaona jinsi sifa ya mtu mwema inavyoweza kutumika kuisafisha hali iliyomfunga. Wema wa Jilfidan ni ushahidi juu ya Jilfidan. Si ushahidi juu ya utumwa.

Kanuni hii inatuhusu hata sisi tusio na masuria nyumbani. Mara ngapi tumesikia, juu ya jeneza la mwanamke aliyeteswa na ndoa yake, kwamba "alivumilia"? Uvumilivu wake ulikuwa wake, na unastahili kusifiwa. Ila husifiwa kwa namna ambayo aliyemlazimisha kuvumilia anatoka msibani akiwa na heshima mpya, kana kwamba subira ya marehemu ilikuwa cheti cha tabia njema ya mwingine. Anayetaka kuisifu subira na aseme pia ilikuwa subira juu ya nini. Akishindwa kulisema hilo, basi angalau asiligawie sifa yake aliyelisababisha.

Katika miaka ileile aliyofariki Jilfidan, upande wa kaskazini wa pwani, mwanamke mwingine alikuwa akiugua na kuandika. Mwana Kupona binti Msham, wa kisiwa cha Pate, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said. Wanaume hao wawili, mahasimu, wanatajwa kufariki mwaka mmoja, 1856. Mwaka 1858 Mwana Kupona alitunga utendi wa beti zaidi ya mia kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Baada ya hapo hakuishi muda mrefu. Kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili anaujua utendi huo, na kila kizazi kimegombana nao. Unamhimiza binti amtii mume, amhudumie na kulitafuta radhi lake. Wapo waliousoma kama mnyororo, wapo waliousoma kama hekima, na wapo, kama Ann Biersteker, waliosikia ndani yake kejeli ya mwanamke anayejua anachokisema.

Kwa swali letu, lililo kubwa ni nani anayesema. Tumezoea kumsikia mke mwema akisifiwa na waliohudumiwa. Hapa mwenye kuhudumu ndiye aliyeagiza wino na karatasi. Aliandika mumewe akiwa kaburini. Hapakuwa na mtu wa kumridhisha. Anatoa ndoa yake mwenyewe kama ushahidi: waliishi hivi, wakaachana kwa kifo wakiwa wameridhiana. Tena hakumwandikia binti yake peke yake, kwani aliwataka wanawake wengine wausome. Sifa ya utiifu ikitoka kinywani mwa aliyetiiwa ni risiti. Ikitoka kwa aliyetii ni hoja, na hoja inaweza kujibiwa, kukubaliwa au kukataliwa. Ndiyo maana Mwana Kupona, hata tukimpinga, hawezi kupotea nyuma ya jina la mumewe. Leo Bwana Mataka hutajwa mara nyingi kwa sababu alikuwa mume wa Mwana Kupona. "Wa" imegeuka upande.

Nitaulizwa: na sitara je? Watu wa pwani hatukulelewa kumwaga mambo ya ndani barazani. Wapo kina mama ambao wangeona haya kusikia msaidizi wa imamu au mtoto wao akihesabu mbele ya watu waliyoyatenda. Wema, kwao, ulikuwa baina yao na Mungu. Kuutangaza ni kuupunguza. Pingamizi hili ni zito, na anayelidharau hajakaa na wanawake hao. Lakini sitara hufunika aibu, na kazi si aibu. Kuna siri, na kuna jasho. Marehemu alivyogombana na mumewe mwaka fulani ni siri, na izikwe naye. Kwamba alisafisha ofisi za watu alfajiri kwa miaka mingi ili wanawe wasome ni jasho, na jasho halina haja ya kusitiriwa isipokuwa na wale wanaoona haya kwamba walifaidi. Mara nyingi sitara tunayoitetea msibani ni yetu. Isitoshe, yeye alikuwa na haki ya kunyamaza juu ya wema wake. Haki hiyo haikurithiwa na sisi tuliotendewa. Mtoaji anaweza kusahau. Mpokeaji hana ruhusa.

Nimeuacha urafiki mwisho kwa sababu katika tanzia nao huja mwisho, kama nyongeza, ilhali nadhani ndio unaofungua mlango. Mke na mama ni majina yenye sheria, mirathi na nasaba nyuma yake. Rafiki hana cheti. Alichompa mwenziwe alikitoa bila kudaiwa, na kwa hiyo katika urafiki ile silabi ya "kujitolea" inasikika wazi kuliko popote.

Katika nyumba ya Sayyid Said Jilfidan alikuwa na rafiki aliyetoka nchi moja naye: mama yake Majid, yule aliyekuja kuitawala Zanzibar kutoka 1856 hadi 1870. Wanawake hawa wawili, wote waliopotezwa na jamaa zao utotoni, waliwekeana ahadi: atakayetangulia kufa, mwenziwe atakuwa mama wa watoto wake. Mama yake Majid alitangulia. Jilfidan alitimiza ahadi. Alihama na Salme kutoka Mtoni kwenda nyumba ya Majid, Beit el-Watoro, na akawa mama kwa watoto wa marehemu. Nani alimlazimisha? Watu ambao kila ukoo wao ulikatwa kwa upanga waliunda ukoo mwingine kwa maneno tu, na maneno yakashika. Ukinitaka nionyeshe hiari ya Jilfidan iko wapi, nitaonyesha hapo.

Na tazama kilichofuata. Mwaka uleule wa 1859, baada ya mama yake kufariki, Salme aliyekuwa binti wa miaka kumi na mitano aliingizwa katika njama ya Barghash ya kumpindua Majid, akawa mwandishi wa barua zao. Njama ilishindwa, na uhasama wa ndugu ukabaki. Siwezi kudai kwamba Jilfidan angeizuia. Lakini uzi uliomfunga Salme na Majid kama watoto wa mama mmoja ulikuwa umesokotwa na wanawake wawili, na wote wawili hawakuwapo tena. Kazi ya namna hii haionekani mpaka ikome. Wangapi wetu tumegundua, mwaka mmoja baada ya arubaini, kwamba ndugu wa London na wa Dubai walikuwa wakizungumza kwa sababu tu mtu mmoja alikuwa akiwapigia wote simu kila Ijumaa?

Hapo ndipo naona jibu la lile swali la "wa". Katika Hadithi zilizosimuliwa na Bi Aisha imepokewa kwamba Mtume, miaka baada ya kufiwa na Bi Khadija, alikuwa akichinja kondoo hutoa vipande akawapelekea marafiki wa Khadija. Khadija alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake kabla ya kuwa mke, na zipo sifa nyingi ambazo mume angeweza kuishia kuzitamka. Alipeleka nyama. Alimkumbuka kwa kuendelea na mahusiano ambayo hayakuwa yake yeye bali ya marehemu. Aliitunza "rafiki wa" ambayo yeye hakutajwa ndani yake. Kumbukumbu ya namna hiyo haimuulizi marehemu alikuwa nani kwangu tu. Inauliza alikuwa akimpenda nani, akimtazama nani, mkono wake ulikuwa ukielekea wapi kifo kilipoukata, kisha inaunyoosha mkono kuelekea hukohuko.

Kwetu sisi tulio mbali na makaburi ya kwetu hili lina uzito wa pekee. Hatuwezi kwenda kuzuru kila mwezi. Wengi wa wanawake tunaowazika huku walifika baada ya mwaka 1964, au baada ya misukosuko mingine, wakiwa na mizigo michache na lugha moja, na kama mjukuu aliyezaliwa Leicester anaelewa neno "pole" mpaka ndani ya moyo, kuna mwanamke aliyelirudia neno hilo jikoni mara elfu. Kazi hiyo haina kumbukumbu katika ofisi yoyote. Ikiwa haikuandikwa na waliofaidi, haitaandikwa.

Basi sifa ya mke, mama na rafiki ibaki. Ni ya kweli na tumeirithi kwa heshima. Ila kila inaposomwa, baada ya "wa" zote, ifuatwe na sentensi moja ambayo mtendaji wake ni yeye: alikataa kuhama, alijenga, alisamehe, aliuza dhahabu yake, alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini, aliwekeana ahadi na mwenziwe akaitimiza. Na wale ambao mama zao wangali hai wasiingoje tanzia kuitafuta sentensi hiyo. Waulize sasa, naye akiwa na uwezo wa kusahihisha.